Mama Korido na Kitenzi Kilichogoma

Baada ya kuitumikia ofisi yetu ya kamusi kwa miaka thelathini na minne, mtunga kamusi wetu mkuu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, akiwa na meno yake yote na ubishi wake wote. Kwenye barua za kiofisi ana cheo kirefu. Sisi, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, tunamwita Mama Korido.

Wasifu huu ulipaswa kuandikwa na msomi. Wasomi walipoombwa, kila mmoja ghafla akawa na kazi nyingi. Ukweli ni kwamba waliogopa: bibi huyu angeweza kusimama mbele ya wageni na kalamu nyekundu akaanza kuwasahihisha. Kazi ikamwangukia dereva. Mimi shule niliiacha darasa la sita, au tuseme tuliachana kwa wema, kwa hiyo nikisahihishwa sina cha kupoteza.

Aliingia hapa akiwa mpiga chapa, binti mwembamba mwenye mkoba uliomzidi uzito. Wakati ule, kama sasa, ofisi ilikuwa korido moja ndefu yenye vyumba pande zote mbili, na mwisho wake mlango wa kutokea uani ninakoegesha gari. Juu ya mlango wa mkurugenzi palikuwa na saa kubwa ya ukutani iliyokwisha kufa. Ilikufa saa nne kamili, ambayo ndiyo saa ya chai, na kwa miaka yote hiyo hakuna mfanyakazi aliyeona sababu ya kuifufua.

Kazi yake ilikuwa kupiga chapa kadi: neno la Kiingereza juu, maana yake ya Kiswahili chini. Alitakiwa kupiga tu, si kuuliza. Lakini kila baada ya kadi chache kichwa kilichungulia kwenye chumba cha watunga kamusi.

"Samahani, baba. Hapa mmeandika hivi. Nani anasema hivi?"

"Vitabu vinasema," akajibu bosi wa siku hizo.

"Na watu je?"

Bosi akarudi kwenye kadi zake. Haukupita muda binti akahamishiwa meza ya watunga kamusi. Wanaompenda wanasema ni kipaji chake kilionekana. Mimi niliyekuwa nikimrudisha bosi nyumbani kila jioni nasema mzee wa watu alichoka kukiona kile kichwa mlangoni.

Aliolewa na fundi saa. Ndiyo, fundi saa, na mkewe anafanya kazi chini ya saa iliyokufa. Utani huo tuliula miaka yote haukuisha. Lakini shemeji yetu hakuwahi kukanyaga ofisini. Yeye na mkewe walikuwa na sharti lao la ndoa: mume asilete saa za watu kitandani, na mke asilete maneno ya watu mezani. Wakalishika. Fundi yule ameishi na mwanamke aliyekesha na vitenzi, na hadi juzi hakujua hata kimoja kati ya vile vilivyomkosesha usingizi. Msomaji alishike hilo, litamfaa huko mbele.

Sasa jina la Korido limetoka wapi? Limetoka kwenye utaratibu alioubuni yeye, ambao sidhani kama upo mahali pengine watu wanakotunga kamusi. Kitenzi kikigoma, yaani watunga kamusi wakigombania maana yake hadi chai inapoa, Mama Korido humwita mtu mmoja akakitenda kile kitendo koridoni, kwa mwili, bila kusema kitu. Halafu hutafutwa mtu asiyeambiwa lolote, labda fundi bomba au mleta karatasi, akaulizwa, "Huyu anafanya nini?" Neno la kwanza linalomtoka ndilo linaloandikwa kwanza kwenye kadi. Si la pili. Neno la pili, husema mwenyewe, limeshavaa tai.

Kanuni hiyo haina mkubwa wala mdogo. Mkurugenzi wetu wa sasa alipofika na shahada zake mbili, alikuta mabishano juu ya mtu anayetembea huku mguu mmoja unauma. Yeye alitaka tuandike kwanza "kuchopea", neno zuri, aliloliandikia kurasa nyingi chuoni. Msahihishaji wetu akaambiwa atembee korido nzima akiumwa mguu. Mleta karatasi akaulizwa. "Anachechemea," akasema, "mpeni kiti basi, mbona mna roho mbaya?" Kuchechemea kukaandikwa kwanza. Mkurugenzi alikunywa chai yake peke yake siku hiyo.

Na pale mama wa chai alipoambiwa atembee kama mtu ambaye ardhi haimkubali! Alipepesuka kwa moyo wote, akalikumbatia kabati, akamwomba msamaha mlango. Bahati mbaya wageni wa kiwanda cha uchapaji walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri. Mmoja wao akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, hapa mnaanza saa ngapi?" Nikamwambia inategemea na kitenzi.

Ninakuja kwenye jambo lenyewe. Kipo kitenzi kimoja kilichomshinda, na kwa kuwa ndicho kilichompa raha na taabu kuliko vyote, haiwezekani kumuaga bila kukitaja. Ni cha Kiingereza, kinaandikwa "swerve". Sisi wa huku uani tuliona herufi zake zina fujo, tukakibatiza Swavu, na ofisi nzima ikafuata.

Ukiambiwa maana yake unaona mbona rahisi. Kitu kilikuwa kinakwenda zake mbele, ghafla kinatoka kwenye mstari wake na kuingia pembeni. Basi. Toleo la zamani la kamusi lilisema ni "kukengeuka", na hakuna aliyeguna. Hadi siku watu wa barabara walipochimba shimo kubwa karibu na njia panda, wakataka kuwaonya madereva wasiyumbishe magari hovyo wakaingia shimoni. Wakafungua kamusi yetu. Wakaandika kibao kikubwa, herufi nyekundu: DEREVA, USIKENGEUKE.

Nilikiona kibao hicho kwa macho yangu. Madereva wote walidhani kimewekwa na watu wa dini. Mbele yangu palikuwa na lori. Dereva wake akapunguza mwendo, akavua kofia, akatikisa kichwa kama mtu aliyeguswa na mahubiri, kisha tairi la mbele likaingia shimoni polepole kwa unyenyekevu mkubwa. Kiswahili kile hakikuwa na kosa la herufi. Kosa ni kwamba siku hizi anayekengeuka ni mtu na tabia zake, si gari na tairi zake.

Mama Korido aliposimuliwa hakucheka. Aliitoa kadi ya Swavu kwenye droo, akaiweka mezani kwake chini ya kioo, ikakaa hapo. Kuanzia siku hiyo akawa mdadisi wa kila kitu kinachokwenda pembeni.

Aliyeumia kwanza ni mimi. Ndani ya gari hukaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, macho kwenye usukani kama askari wa usalama barabarani.

"Kaka, hapo umefanya nini?"

"Nimeendesha, dada."

"Kabla ya hapo. Kuku alipokatiza."

"Nimemwogopa kuku."

"Na gari limefanya nini?"

"Gari limeniogopa mimi."

Hapo hufunga kioo cha dirisha na kuniambia kwamba kwa umri wangu wote barabarani sijampa hata neno moja la kuandika. Lakini haachi. Kuku akionekana toka mbali, nikamzunguka taratibu, hiyo ni Swavu? Anajijibu: hapana, huko ni kupita pembeni. Barabara ikipinda nami nikapinda nayo? Hapana, hiyo ni kona, na aliyepinda ni mhandisi. Na dereva akisinzia, gari likaruka upande? Hapo akapiga dashibodi kwa kiganja hadi redio ikawaka yenyewe.

"Hiyo ndiyo Swavu! Lakini aliyesinzia anamkwepa nani, kaka? Malaika?"

Hapo ndipo vita vilipoanzia. Mkurugenzi, ambaye tunamwita Moja-Yatosha kwa sababu anaamini kila neno la Kiingereza lina mwenzake mmoja wa Kiswahili anayemsubiri mahali, alikuwa amekwisha kuamua kwamba Swavu ni "kukwepa". Mama Korido akasema kukwepa kunataka mtu mwenye nia na kitu cha kukwepwa. Unakwepa ngumi. Unakwepa mkutano. Swavu haitaki nia. Kinachotakiwa ni mwili kutoka kwenye mstari wake. Yeye alitaka "kuchepuka".

Alikwenda hadi kwenye mechi ya mpira ya wafanyakazi, yeye asiyejua goli lipo upande gani. Mhasibu wetu alikuwa kipa. Ukapigwa mpira, ukaanza kwenda kulia, ukabadili mawazo hewani, ukaingia kushoto. Mhasibu bado yuko chini kwenye vumbi, Mama Korido huyo kamwinamia.

"Mwanangu, mpira umefanya nini?"

"Umenidhalilisha, mama."

"Umekukwepa?"

"Unikwepe una macho?"

Alirudi garini akiwa na furaha kama yeye ndiye aliyefunga.

Kisha akagundua jambo jingine, na hili naomba msomaji alitafakari, maana mimi bado ninalitafakari. Alikusanya sentensi za Kiingereza zenye Swavu, za magari na za mipira akaziweka kando, akabaki na zile za tabia za watu. Akaona ajabu. Karibu zote zina "kamwe" ndani yake. Fulani kamwe hakuswavu kwenye ahadi yake. Fulani kamwe hakuswavu kwenye kazi yake. Kwenye tabia, wenyewe wanakitumia zaidi kwa kusema mtu hakukifanya!

"Watu gani hao?" nikamwuliza. "Unakuwaje na kitenzi cha kusifia kwamba hukukitenda? Ni kama kununua mwavuli uwaonyeshe majirani kwamba hujalowa."

"Ndiyo nataka kujua, kaka," akasema. Na alitaka kujua kweli. Alitazama nje ya dirisha hadi tukafika, na kuku wawili walipita salama bila kuhojiwa.

Kwenye kikao Moja-Yatosha hakuyumba. "Mtu anayefungua kamusi ana haraka zake. Mpe neno moja aende. Halafu Mama, hicho kitenzi chako cha kuchepuka, unajua mtaani wamekifanya nini?"

Chumba kizima kikacheka chini chini, maana nani asiyejua kwamba mchepuko siku hizi ni yule mtu wa pembeni ambaye wa nyumbani hatakiwi kumjua. Mama Korido akasubiri kicheko kiishe.

"Neno halina kosa kwa sababu watu wameenda nalo kubaya. Hata gari la ofisi limewahi kuonekana mahali lisipopaswa," akasema, akanitazama mimi. Niliikagua dari. Ilikuwa na utando wa buibui.

Ikabaki korido iamue. Na hapa ofisi nzima ilifanya kosa ambalo ni watunga kamusi tu wanaoweza kulifanya. Tulitaka mtu aende pembeni ghafla, kwa hiyo tukaweka ndoo katikati ya korido, tukatoa tangazo: kesho asubuhi, zoezi la kuchepuka, wote mhudhurie.

Wa kwanza alikuwa msahihishaji. Alifika kwenye ndoo, akasimama, akaitazama kama imekosewa herufi. Mhasibu akaisogeza kwa mguu, akapita. Mkurugenzi akairuka, maana alikuwa amevaa viatu vipya na alitaka vionekane. Mama wa chai akaiinua. "Nani kaweka ndoo yangu hapa? Nimeitafuta tangu asubuhi!" Akaondoka nayo, zoezi likaishia hapo.

Mama Korido akakaa kwenye benchi akawaza. "Tumekosea," akasema. "Mtu aliyeambiwa habari za ndoo hachepuki. Anajiandaa." Basi akaanza kuiweka bila tangazo, siku yoyote, saa yoyote. Haikusaidia. Wafanyakazi nao wana akili. Wote wakaanza kutembea kwa kuambaa ukuta, bega likisugua rangi, na mazoea yakawa tabia. Wageni walituuliza kama sakafu ya katikati ni mbovu. Ndoo ilikwisha kurudi kwenye kazi yake ya kupiga deki, lakini sisi hadi leo tunatembea na ukuta kama panya wa stoo, na ukutani, usawa wa bega, pana mstari wa rangi iliyochubuka tangu mlangoni hadi uani.

Miaka ikaenda hivyo. Vitenzi vingine vilikuja, vikatendwa, vikaandikwa. Swavu kikabaki chini ya kioo.

Hatimaye toleo jipya likakamilika, na wiki iliyopita ikawa siku ya kurasa kwenda kiwandani. Mkurugenzi akasema wazi: korido isiposema kitu kabla gari halijaondoka, Swavu itachapwa kama alivyoiandika yeye, kukwepa peke yake, mjadala umefungwa. Mama Korido alijua maana yake. Toleo likishachapwa halifunguliwi tena hadi kizazi kingine, na yeye atakuwa nyumbani. Kitenzi alichokilea kuliko vyote kingetoka mlangoni kikiwa kimevaa shati la mtu mwingine. Asubuhi hiyo hakunywa chai. Nilimwona kasimama kwenye mlango wa chumba chake, mikono nyuma, anaitazama korido kama mtu anayesubiri basi ambalo halipo kwenye ratiba.

Kumbe mkurugenzi, ambaye kikaoni ni mkali lakini moyo wake ni laini, alikuwa ameandaa zawadi ya siri. Amempigia simu shemeji yetu aje aifufue ile saa, ili mama aagwe kwenye korido yenye saa inayotembea. Alimwambia aje mchana. Fundi saa hajui kuchelewa, alikuja kabla. Akaingia kimya kimya na mkoba wake wa vyombo, akaweka stuli ndefu chini ya saa, ikaegemea ukuta, akapanda, akaishusha saa akaikumbatia kifuani.

Nikiwa kwenye mlango wa uani nasubiri kurasa, nikamwona mkurugenzi anatoka chumba cha msahihishaji. Mkononi ana ukurasa ule ule wenye Swavu, macho yote kwenye karatasi, bega likiambaa ukuta kama kawaida yetu. Anaelekea ofisini kwake. Yaani anaielekea stuli. Katikati ya korido mama wa chai anapiga deki, ndoo imejaa maji hadi ukingoni.

Nilifungua mdomo. Nikabaki nao wazi. Mama Korido, aliyekuwa mlangoni kwake hatua chache kutoka pale, naye kaganda.

Bado kidogo tu aikumbe stuli, mkurugenzi akainua macho. Angeendelea mbele, leo tungekuwa tunaandika wasifu wa namna nyingine, maana shemeji alikuwa juu na saa nzito kifuani. Mkurugenzi hakufikiri. Mwili wote ulitoka ukutani ukaruka katikati, na mguu wa kulia, kiatu na soksi, ukaingia ndani ya ndoo.

Kelele zilizofuata zilikuwa za ndoo, za maji na za mama wa chai, na za mwisho ndizo zilizokuwa kubwa zaidi. Katikati ya kelele hizo shemeji akasema huko juu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejisemea:

"Loh. Kanikwepa."

Tulimsikia watu wawili tu, mimi na mkewe.

Kelele zilipotulia, mkurugenzi alikuwa bado kasimama na mguu ndani ya ndoo. Wazo likamjia usoni, tukaliona linavyokuja. Akamtazama mtu wa juu ya stuli. Ndani ya jengo lile huyo ndiye peke yake ambaye hajawahi kuambiwa habari za Swavu.

"Amesema nini?" akauliza. "Shemeji amesema neno. Nani kasikia?"

"Mimi nimesikia ndoo yangu," akasema mama wa chai.

Msahihishaji akatoa kichwa mlangoni, akasema hajasikia. Shemeji akatutazama mmoja mmoja, saa mikononi kama mtoto mchanga. Akaona uso wa mkewe. Mume ni mume. Hajui vitenzi, lakini uso ule anaujua.

"Mke wangu," akauliza taratibu, "ulitaka niwe nimesema nini?"

Msomaji, pima mwenyewe. Neno lake lote la miaka mingi lilikuwa pale, linataka mtu mmoja tu alitamke. Mume yuko tayari. Mkurugenzi hakusikia. Na mimi, nisiseme uongo, nilikuwa nimeshaandaa uso wa shahidi. Angesema "kachepuka" ningetikisa kichwa hadi shingo iume.

Mama Korido akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akaivaa.

"Amesema 'kanikwepa'," akasema. "Ndilo neno la kwanza. Andika."

Maji yalikuwa yanatafuta njia chini ya milango.

"Mama," mkurugenzi akasema, "angeweza kusema lingine."

"Angeweza. Hakusema."

Moja-Yatosha alikuwa ameshinda, na sijawahi kumwona mshindi mnyonge namna ile. Alikaa kwenye benchi na ndoo yake. Akauweka ukurasa gotini, akaukodolea macho. Kwepa ilikuwa imeshaandikwa pale, hakuwa na la kuongeza. Lakini hakunipa ukurasa.

"Zile sentensi zako za Kiingereza," akasema baada ya muda. "Zile za kamwe. Mtu anabaki kwenye mstari wake ingawa kutoka kungemfaa, na hakuna ambaye angejua. Huyo tutasema hakukwepa?"

"Hakukwepa nini?" msahihishaji akauliza.

"Ndiyo hapo," akasema mkurugenzi. Akaandika namba mbili. Mimi sijawahi kumwona akiandika namba mbili kwenye neno lolote. Kisha akaandika kuchepuka, na mbele yake, "aghalabu kwa kukanusha".

"Hilo halijapita korido," Mama Korido akasema. Hata pale, jamani! Hata neno lake mwenyewe!

"Limepita. Nimeliona kwa macho yangu, mguu ukiwa ndani ya ndoo."

"Wewe umeambiwa kila kitu. Huhesabiki."

"Basi nihesabu nimelowa," akasema mkurugenzi, na akaendelea kuandika mfano wa matumizi, maana kila maana inatakiwa kuwa na mfano. Nilipokuwa nazipeleka kurasa kiwandani nilisimamisha gari nikausoma mfano huo. Umeandikwa hivi: *Hakuchepuka, hata siku ambayo hakuna ambaye angemwona.* Hakuna jina. Kamusi haitaji majina ya watu. Lakini sasa nyinyi mnajua ni nani, na mkitaka kubisha, ukutani pana alama ya maji usawa wa goti.

Kwa hiyo kamusi imekwenda kuchapwa na maneno yote mawili, lake la pili. Ameniambia anaridhika na nafasi ya pili kwa sababu huko mbele kuna msongamano. Saa ya korido sasa inatembea, shemeji aliimalizia siku ile ile, na wafanyakazi tumempa pongezi za mdomoni tu, maana chai ya saa nne sasa inakuja mara moja kwa siku.

Dada yetu, ahsante kwa kila uliponiuliza "nani anasema hivi?", maana sasa hata mimi nikisema uongo mdogo nasikia sauti yako mlangoni. Ahsante kwa kutufundisha kwamba watu wanajua maneno yao, ila hawajaulizwa. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, asubuhi zisizo na kengele, na meza ya chakula ambayo sharti lake sasa limelegezwa kidogo, ili shemeji naye ajue alisema nini siku ile.

Ijumaa jioni nitakurudisha nyumbani kwa mara ya mwisho. Kaa kiti cha mbele kama kawaida. Kuku akikatiza, niulize tena, dada. Safari hii nimejiandaa kukujibu, na najua utasema jibu la mtu aliyejiandaa haliandikwi.